Kosa na Lifanywe Juu ya Kitambaa

Mwaka jana nilikuwa na shughuli zangu mjini Thika, na mpwa wangu, ambaye ni muuguzi hapa Ruiru, alikuwa akienda huko kuhudhuria mafunzo ya siku chache kuhusu dharura za uzazi. Tukapanda matatu moja. Nilikusudia kumwacha langoni kisha niendelee na safari yangu. Lakini mkufunzi wao, alipotambua kwamba mimi ni mwalimu mstaafu, alinikaribisha niketi nyuma ya chumba nitazame. Naungama kwamba niliingia nikiwa na shaka, nikatoka nikiwa na deni. Makala haya ni sehemu ya kulilipa deni hilo.

Muuguzi mmoja alikuwa amevaa suruali pana iliyoshonwa mfuko kwa ndani. Alilala kitandani akiugulia kama mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Ndani ya mfuko huo mlikuwamo mwanasesere mwenye ukubwa wa kitoto kichanga, kondo la nyuma la kitambaa, na maji mekundu yaliyofungiwa yasimwagike kabla ya wakati wake. Wenzake watatu walimhudumia. Mtoto alizaliwa, lakini hakulia. Papo hapo yale maji mekundu yakaanza kutiririka. Mmoja alimkimbilia mtoto. Wa pili alisimama akitazama sakafu. Wa tatu alikuwa akipekua kabati ambamo dawa aliyoitafuta haikuwamo. Mkono wa saa ukutani haukuwangoja.

Walikosea mambo mengi siku hiyo. Baadaye waliketi duara, na hapo ndipo nilipostaajabu, kwani mkufunzi hakumkemea yeyote. Alimwuliza kila mmoja ameona nini, alidhani nini, na angetenda nini iwapo angepewa nafasi nyingine. Kisha akawapa nafasi hiyo. Walipoyarudia mazoezi kwa mara ya tatu, mwanasesere alikuwa amepuliziwa hewa kabla dakika moja haijakwisha, na mama alikuwa amekandwa tumbo la uzazi na kudungwa sindano ya kuzuia damu.

Wengi wetu, tukiona mambo kama hayo, husema kwamba ni mageni ya karne hii, yaliyokuja pamoja na kompyuta na wafadhili. Hata mimi nilidhani vivyo hivyo. Niliporejea Ruiru nilianza kusoma, na kusoma kwangu kukanifikisha kwa mwanamke aliyeaga dunia zaidi ya miaka 200 iliyopita, ambaye kwa sindano, uzi, pamba na ngozi aliifundisha nchi nzima kuzalisha. Jina lake ni refu: Angélique Marguerite Le Boursier du Coudray. Wafaransa walimwita Bi. du Coudray. Ningependa walimu wenzangu na wanafunzi wayajue maisha yake, kwa sababu mafunzo niliyoyaona Thika ni kilembwe cha kazi ya mikono yake.

Bi. du Coudray alizaliwa Ufaransa karibu na mwaka 1712. Alipokuwa msichana alimtumikia mkunga mzoefu wa jijini Paris kama mwanagenzi kwa muda wa miaka mitatu, na mnamo 1740 alitahiniwa na madaktari wapasuaji, akafaulu na kupewa leseni ya ukunga. Ikumbukwe kwamba leseni hiyo haikupatikana kwa kukariri. Mwanagenzi alimfuata bibi yake usiku na mchana, akimshikia taa, akipasha maji moto, akitazama, na hatimaye akiruhusiwa kutia mkono. Elimu ilimwingia mtu kupitia viganjani kabla ya kufika kichwani.

Hata hivyo, milango ya elimu hiyo ilikuwa ikifungwa. Wapasuaji wa Paris, ambao kwa muda mrefu walihesabiwa kundi moja na vinyozi, walitengwa na vinyozi hao mnamo 1743, nao wakaanza kujipandisha hadhi. Katika kupanda huko, wakunga walijikuta wakisukumwa nje ya madarasa waliyokuwa wakijifunzia maumbile ya mwili. Mnamo 1745 wakunga wa jiji hilo, Bi. du Coudray akiwa miongoni mwao, walipeleka ombi kwa Kitivo cha Tiba cha chuo kikuu wakitaka wafundishwe. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: kama wakunga hawafundishwi, watakaoangamia si wakunga bali ni kina mama. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba mwanamke huyu alikuwa fundi wa vinyago tu. La hasha! Kabla ya kushona chochote, alikuwa amekwisha kupigania haki ya mwanafunzi kufundishwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1750 aliondoka Paris, akaacha wateja wake na jina lake zuri, akaenda Auvergne, nchi ya milima katikati ya Ufaransa. Alialikwa huko na mwenye ardhi mmoja ili awahudumie na kuwafundisha wanawake wa mji wa Thiers na vijiji vyake. Thiers ulikuwa mji wa mafundi wa visu, kama vile Thika yetu ilivyojulikana kwa viwanda vyake. Aliyoyaona huko yalimtia simanzi. Aliwakuta wanawake walioumizwa wakati wa kujifungua wasiweze tena kufanya kazi wala kuzaa, na watoto waliolemazwa na mikono iliyovuta mahali pasipovutwa. Mikono hiyo haikuwa na nia mbaya. Ilikuwa haijafundishwa.

Akaanza kufundisha kwa namna aliyoizoea, yaani kwa maneno. Alieleza jinsi mtoto anavyogeuka tumboni, jinsi nyonga inavyompitisha, na hatari iliyopo pale mtoto anapotanguliza miguu badala ya kichwa. Wanafunzi wake wengi hawakujua kusoma. Walisikiliza kwa heshima, lakini yale waliyoyasikia hayakuwashika. Mwalimu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa lenye adabu lisiloelewa kitu anaujua uchungu wa hali hiyo. Baadhi yetu, tukifika hapo, huwalaumu wanafunzi. Bi. du Coudray aliulaumu ufundishaji wake. Aliamua kwamba somo lisiloingia masikioni sharti lipapaswe kwa vidole.

Ndipo alipobuni chombo ambacho yeye mwenyewe alikiita mashine. Kilikuwa umbo la mwanamke kuanzia kiunoni hadi mapajani, lenye ukubwa wa kawaida, lililoshonwa kwa kitambaa na ngozi na kujazwa pamba. Ndani yake alitia mifupa halisi ya nyonga. Baadaye alitumia pia miti na matete yaliyosukwa. Alipitisha kamba na mikanda ambayo mwalimu angeivuta au kuilegeza ili njia ya uzazi ibane au itanuke, na mwanafunzi ahisi tofauti hiyo kwa mkono wake. Mtoto alikuwa wa kitambaa, naye alishonwa kwa uangalifu mkubwa: alikuwa na pua, masikio, na mdomo uliofunguka ambamo kidole kiliweza kuingia na kuugusa ulimi. Mdomo huo haukuwa pambo. Mtoto anayetoka kwa miguu huweza kukwama kichwa, na mkunga alitakiwa ajue kukitafuta kinywa kwa kidole, akiinamishe kidevu, na kukitoa kichwa bila kuivunja shingo. Jambo hilo haliwezekani kuandikwa ubaoni likaeleweka. Kulikuwa na pacha, kulikuwa na kondo la nyuma na ukanda wa kitovu, na baadaye aliongeza sponji zilizotiwa maji ya rangi ili maji ya uzazi na damu vitoke kwa wakati wake.

Hebu tafakari, msomaji. Suruali niliyoiona Thika, yenye mfuko wa mtoto na maji mekundu, ilikwisha kufikiriwa karne ya kumi na nane na mwanamke aliyeketi Auvergne akishona kwa mwanga wa mshumaa.

Chama cha wapasuaji wa Paris kiliichunguza mashine hiyo na kuipa idhini. Mnamo 1759 Bi. du Coudray alichapisha kitabu chake cha muhtasari wa ukunga, kilichoandikwa kwa lugha ya kawaida ili kiwafae watu wa vijijini. Mwaka huohuo Mfalme Louis wa Kumi na Tano alimpa hati ya kumruhusu afundishe katika mikoa yote ya ufalme. Tusijidanganye kuhusu nia ya mfalme. Ufaransa ilikuwa katikati ya vita vilivyodumu kutoka 1756 hadi 1763, na wakuu wa serikali walihofia kwamba watu wanapungua. Walihitaji watoto watakaokuwa askari, wakulima na walipa kodi. Bi. du Coudray alilijua jambo hilo vyema, naye alilitumia kama mlango. Kwa serikali alizungumzia hasara ya taifa. Kwa wanafunzi wake alizungumzia mama aliye mbele yao. Sioni unafiki katika hilo. Anayetaka kuwaokoa maskini aghalabu hulazimika kuwaeleza wenye mamlaka faida watakayoipata wao.

Kuanzia 1760 alisafiri kwa zaidi ya miaka 20, kutoka mji hadi mji, akiwa na mashine zake, vitabu vyake na wasaidizi wake. Alifundisha katika miji zaidi ya 40. Utaratibu wake ulistahili kuigwa. Kwanza aliwaandikia maafisa wa mfalme mikoani, wakamtafutia chumba, kuni na fedha. Mjini Limoges, kwa mfano, alipokewa na Turgot, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa Ufaransa. Makasisi wa vijijini walichagua wanawake wa kutumwa. Mafunzo yalichukua takriban miezi miwili, siku sita kwa juma. Kila mwanafunzi alipata zamu yake kwenye mashine, akazalisha mtoto wa kitambaa, akakosea, akasahihishwa, akarudia. Bi. du Coudray hakuridhika na mwanafunzi aliyeweza kueleza. Alitaka aliyeweza kutenda huku mwalimu akimbadilishia mtoto kila mara, leo kichwa mbele, kesho bega, keshokutwa makalio.

Lililo muhimu zaidi, kwa maoni yangu, ni alichokiacha nyuma alipoondoka. Alijua kwamba mafunzo yanayomtegemea mgeni huisha vumbi la gari lake linapotua. Kwa hiyo aliwataka maafisa wa kila mkoa wanunue mashine, ambayo bei yake ilikuwa livre 300, na aliwafundisha madaktari wapasuaji wa hapohapo namna ya kuitumia kufundishia, ili kazi iendelee bila yeye. Kwa hesabu ya wanahistoria, yeye mwenyewe aliwafundisha wanawake kati ya 4,000 na 5,000, na wapasuaji wapatao 500. Ukiwaongeza waliofundishwa na wanafunzi wake, idadi hiyo huongezeka maradufu. Mnamo 1767 mfalme alimwekea mshahara wa livre 8,000 kwa mwaka, fedha ambazo wanaume wengi wenye vyeo wasingezipata. Mnamo 1769 kitabu chake kilitolewa upya, safari hii kikiwa na michoro ya rangi, ili asiyejua kusoma aweze kutazama na kukumbuka.

Hakukosa wapinzani. Madaktari wengine walisema kwamba miezi miwili ni michache mno, na kwamba kumpa mwanamke wa kijijini elimu ya nusu ni hatari kuliko kumwacha bila elimu. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, nasi hatuna budi kuipima. Hata hivyo Bi. du Coudray hakudai kwamba anawafanya wanawake hao kuwa madaktari. Alitaka wajue uzazi wa salama ulivyo, wajue la kufanya hatari inapozuka, na wajue ni wakati gani wamwite mtaalamu. Katika vijiji vingi mtaalamu alikuwa mbali sana. Aliyekosoa kutoka Paris hakuwa na jibu kwa mama aliyekuwa akivuja damu usiku ule mlimani.

Wala yeye mwenyewe hakuwa malaika. Aliwadharau mno wakunga wa jadi wa vijijini, kana kwamba hawakuwa na ujuzi wowote wa kurithi. Sisi tuliozaliwa mikononi mwa wanawake kama hao hatuwezi kuikubali dharau hiyo. Nyanya zetu walijua mengi: namna ya kumtia mama moyo, namna ya kumkanda, namna ya kumwacha asimame au apige magoti. Walichokosa ni kile ambacho hata muuguzi mwenye cheti huweza kukikosa, yaani mazoezi ya kukabiliana na jambo lisilotokea kila siku.

Katika safari zake alimchukua msichana mmoja kutoka Auvergne, aliyeitwa Marguerite Guillaumanche, akamlea na kumfundisha kama mpwa wake. Marguerite aliolewa na daktari mpasuaji wa Bordeaux aitwaye Coutanceau, na wote wawili waliiendeleza kazi ya Bi. du Coudray, wakaendesha shule ya wakunga katika mji huo. Mnamo 1783 mwalimu huyo mkongwe aliacha kusafiri. Mapinduzi ya Ufaransa yalizuka mwaka 1789, mfalme aliyefuata akauawa mwaka 1793, na watu waliowahi kula mkate wa ikulu wakawa mashakani. Bi. du Coudray alifariki mjini Bordeaux tarehe 17 Aprili 1794, wakati vitisho vya mapinduzi vilikuwa vimepamba moto. Kati ya mashine alizozisambaza nchini humo, moja imehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho ya historia ya tiba mjini Rouen. Kitambaa chake kimefifia rangi, lakini mishono ingali imeshika.

Sasa msomaji aniruhusu nieleze deni nililolitaja mwanzoni.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwaka 1984 katika hospitali ambayo sitaitaja. Alizaliwa akiwa ametimiza miezi yake, ila hakupumua. Aliyekuwa zamu usiku huo alikuwa muuguzi mmoja kijana, peke yake. Kifaa cha kupulizia hewa kilikuwapo ukutani. Alikitoa, akakishika, akakigeuza mkononi, asijue barakoa inabanwaje usoni pa mtoto ili hewa isivuje. Alipomaliza kuhangaika, wakati ulikuwa umekwisha kupita. Mke wangu alisikia kila kitu isipokuwa kilio alichokisubiri.

Miezi kadhaa baadaye muuguzi huyo alikuja nyumbani kutupa pole. Alilia kuliko sisi. Alinieleza kwamba chuoni aliyajua maelezo yote ya kumsaidia mtoto asiyepumua, kwamba aliyaandika katika mtihani na kupata alama nzuri, lakini hakuwahi kukitia kifaa kile mkononi hata mara moja. Nilimsikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu nilikuwa namfahamu tangu zamani. Alikuwa mwanafunzi wangu katika shule ya msingi, mwepesi wa kukariri kuliko wenzake wote. Mimi ndimi niliyemsifu mbele ya darasa kwa kulisoma somo zima bila kutazama daftari. Mimi ndimi niliyewachapa wenziwe walipokosea, hata wakajifunza kwamba aliye salama ni yule anayenyamaza asipojua.

Sikusudii kusema kwamba mimi nilimwua mwanangu, wala kwamba binti yule alimwua. Nasema tu kwamba kabla ya usiku ule hakuwa amepewa mahali pa kukosea. Kosa lake la kwanza alilifanya juu ya mtoto mwenye uhai, naye amelibeba maishani mwake kama mimi nilivyolibeba.

Tangu wakati ule nchi yetu imepiga hatua. Mwezi Juni mwaka 1913 ulimwengu haukujua kama Thika ingekuwa na barabara ya lami. Mwezi Juni mwaka 2013 serikali ya Kenya iliondoa malipo ya kujifungulia katika hospitali za umma. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban asilimia 61 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 82. Kina mama wameitikia mwito. Hata hivyo, uchunguzi huohuo wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Maana yake ni kwamba kumfikisha mama hospitalini ni nusu ya safari. Nusu ya pili imo mikononi mwa anayempokea.

Je, mwanasesere anasaidia kweli? Mfano ulio karibu nasi uko Tanzania, katika hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Mnamo 2010 wahudumu wa huko walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto kupumua. Walipopimwa tena baada ya miezi kadhaa mbele ya mwanasesere, walifanya vizuri. Lakini katika chumba cha kuzalishia chenyewe, matendo yao hayakuwa yamebadilika. Hospitali haikukata tamaa. Ilimweka mwanasesere karibu na wodi, na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi mafupi mara kwa mara, dakika chache tu kila wakati. Hapo ndipo vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza viliposhuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Somo likafundishwa upya: siku moja ya mafunzo humpa mtu cheti, mazoea ndiyo yanayompa mkono.

Nchini mwetu, katika kaunti ya Migori, pamoja na eneo la Busoga nchini Uganda, utafiti uliofanywa katika vituo 20 na kuchapishwa mwaka 2020 uliwaangalia watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo. Vituo vyote viliboresha kumbukumbu zao na kupewa orodha ya mambo ya kukagua. Nusu yao viliongezewa mazoezi ya kuigiza dharura na mikutano ya kurekebisha kazi. Katika vituo hivyo, watoto waliopotea wakati wa kuzaliwa au katika siku 28 za kwanza walikuwa takriban asilimia 15. Katika vile vingine walikuwa asilimia 23. Siwezi kusema kwamba mwanasesere peke yake ndiye aliyeleta tofauti hiyo, maana mambo kadhaa yalikwenda pamoja. Ila siwezi kamwe kusema kwamba ni mchezo wa watoto.

Kutokana na hayo, nina mambo mawili ya kuwaambia wenye madaraka na walimu wenzangu.

Kwa wenye madaraka, nasema Bi. du Coudray aliuliza swali moja katika kila mji: nikiondoka, mashine itabaki na nani? Mafunzo mengi katika kaunti zetu huja na wafadhili na kuondoka nao. Wauguzi hukusanywa hotelini kwa siku tatu, hula, hupigwa picha, hurudi kazini, na mwanasesere hurudishwa kwenye sanduku lake. Yafaa kila kituo chenye chumba cha kuzalishia, kiwe Thika, Ruiru au Migori, kiwe na mwanasesere wake, na mtu wake aliyepewa jukumu la kuwafanyisha wenzake mazoezi kila juma. Isitoshe, mazoezi hayawezi kuziba pengo la dawa iliyokwisha wala la muuguzi mmoja aliyeachiwa wodi nzima usiku. Mkono uliofundishwa nao huhitaji mkono wa pili wa kusaidiana nao.

Kwa walimu, nasema tusidhani kwamba jambo hili ni la wauguzi pekee. Wanafunzi tunaowafundisha leo ndio watakaotuzalishia wajukuu, watakaotuendeshea matatu, watakaotujengea madaraja. Tukiwazoesha kuficha makosa, wataendelea kuyaficha wakiwa na sare nyeupe. Tukiwapa nafasi ya kujaribu, kukosea na kurudia bila kuchekwa, watayatoa makosa yao mapema, mahali ambapo hayamdhuru mtu. Mtaala wa umilisi ulioanzishwa nchini mwaka 2017 unadai kufanya hivyo, lakini mtaala hauwi na maana pale ambapo mwalimu bado anafundisha kama nilivyofundisha mimi.

Jioni ile, tuliporejea Ruiru, nilimwuliza mpwa wangu kama hakuona haya kukosea mbele ya wenzake na mbele ya mjomba wake, kwani yeye ndiye aliyekuwa akipekua kabati. Alicheka, akanijibu kwamba sasa anajua dawa inawekwa wapi. Nilitazama nje ya dirisha hadi tuliposhuka. Juma lililofuata alikuwa zamu ya usiku.